Niliufungulia mgongo wangu ukurasa kwenye daftari la madeni

Mtu akiniambia tiba za asili ni rahisi kuliko hospitali, namuuliza: na nauli umehesabu? Mimi nimehesabu. Ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani, Tanga, na mgongo ulinishika mwaka juzi msimu wa sare za shule, wakati ambao fundi hana ruhusa ya kuumwa. Nikiinuka kwenye kigoda naishia nusu, kama mkasi ulioshika kutu.

Washauri walikuja bila kuitwa. Jirani akasema ni figo. Fundi mwenzangu akanipa dawa ya unga, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Mwenyewe nikanunua diklofenaki duka la dawa, elfu mbili tatu hivi, nikazila kama karanga mpaka tumbo likawaka moto. Hapo nikasema basi, huyu mgongo ni mdaiwa kama wadaiwa wengine. Nikamfungulia ukurasa nyuma ya daftari la madeni.

Safari ya Muheza nayo ilianzia kwa wifi yangu. Kuna mzee, akasema, dawa yake elfu kumi tu. Elfu kumi! Tukapanda gari alfajiri, tukashuka, tukachukua bodaboda mbili kuingia ndani kwa sababu wifi alikataa kubebwa mshikaki. Mzee akanitazama, akasema ni jicho la mtu. Turudi Alhamisi na jogoo mwekundu asiye na unyoya mweupe hata mmoja. Jamani, mmeshawahi kumtafuta jogoo wa namna hiyo? Muuza kuku alipoona nampekua jogoo chini ya mabawa alijua naenda wapi, akapandisha bei hapo hapo. Alhamisi njia nzima jogoo yuko mapajani ananidonoa mkono. Nikapewa dumu la lita tano, chungu kama shubiri. Nikalimaliza lote, mgongo wala haukushtuka. Daftari likasoma: dawa elfu kumi, nauli, jogoo, kula njiani na siku mbili bila kushona, laki na ushee. Mteja aliyekuja kuchukua kitambaa chake kwa hasira sikumwandika.

Kaka yangu alicheka, akanikumbusha Loliondo kwa Babu mwaka 2011: kikombe cha dawa shilingi 500, foleni ya magari kilomita kwa kilomita, watu wanalala njiani. Naye alikwenda. Mpaka leo hajawahi kuilalamikia ile mia tano, analalamikia nauli.

Hijama siikatai. Niliumikwa mara tatu na mama mmoja mtaani kwetu, elfu thelathini au pungufu kidogo, na kila mara nikawa mwepesi siku mbili tatu. Kwake naenda kwa miguu, na cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kiko ukutani. Wembe anaufungua mpya mbele yangu. Asiyefanya hivyo muage, homa ya ini haina mganga wa elfu kumi.

Hospitali nilikwenda mwisho, na aibu juu. Daktari akanibonyeza, akauliza kama miguu inakufa ganzi, kama haja ndogo inatoka vizuri, akasema hakuna haja ya picha. Nilinuna: nimelipa, hata picha nisipigwe? Akanipeleka kwa dada wa fizio, wale wa tiba ya mazoezi, aliyenifundisha mazoezi manne kisha akauliza, "Mama, ukiwa unashona kichwa kinakaa wapi?" Karibu kugusa sindano, nikamwambia. Akacheka.

Nikarudi na ujanja wangu: tofali nne chini ya meza ya cherehani. Nikaketi. Loo, kumbe pedali nayo imepanda! Magoti yakagonga droo, bobini zikamwagika, mwanafunzi wangu akatoka nje kucheka. Siku ya pili nikazitoa tofali, nikamwita seremala, akakata miguu ya kigoda inchi mbili. Vile vipande alitaka kuvitupa. Nikavichukua viwili, nikaviweka chini ya miguu ya nyuma ya meza, cherehani ikainama kunitazama. Sasa naiona sindano bila kuifuata. Seremala nilimpa elfu mbili na soda.

Mazoezi nafanya kila asubuhi chai ikichemka. Wiki ya sita nikashona sare ishirini kwa siku mbili. Hijama nayo naenda bado, mara moja baada ya miezi kadhaa, kwa starehe yangu. Binti yangu anayesomea uuguzi anasema hata Uingereza walibadili mawazo: mwaka 2009 NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, ilikubali wenye mgongo wachomwe zile sindano za Kichina zisizo na dawa, mwaka 2016 ikaziondoa, mazoezi yakabaki. Nikamwambia nao wangekuwa na daftari la madeni wasingechukua miaka saba.

Juzi wifi kaja anachechemea, goti. Kasikia kuna mzee Korogwe, dawa elfu tano tu, twende wote. Nimemwambia nauli yake nitamkopesha, ila jogoo atambeba mwenyewe.