Siku moja maishani mwangu: kibao cha sonara kutoka springi ya lori

Wanaopita karakana yetu hapa Ngamiani, Tanga, wanaona moto na nyundo, wanaenda zao wakijua wameshaiona kazi. Leo nataka waione siku nzima ya kitu kimoja kidogo: kibao cha chuma kigumu, milimita 90 kwa 90, unene milimita 13, uzito gramu mia nane na kitu. Juu ya kibao hiki sonara ananyoosha waya wa fedha, anabapa pete, anagonga chapa. Kikiwa laini, kila pigo linakiachia alama, na alama hiyo inahamia kwenye kila kipande cha fedha kitakachofuata.

Saa 12 asubuhi

Nafukua. Kipande kimelala kwenye majivu tangu jana jioni, baada ya kukatwa kwa grenda, kunyooshwa kikiwa chekundu (springi ina tao) na kupashwa moto tena hadi kikaiva. Kinapoa polepole usiku kucha ndipo kinalainika. Kukata kunatangulia kuzika, na sababu ipo. Diski ya grenda inachoma ukingo, halafu chuma baridi kilicho pembeni kinaupoza ukingo huo ghafla, unakuwa mgumu kiasi cha kuua tupa. Usiku wa majivu unaondoa ugumu huo.

Majivu yawe makavu. Hewa ya Tanga ina chumvi na maji. Majivu yakiachwa wazi yananyonya unyevu, na majivu mabichi yanapoza chuma haraka mno. Yangu yanakaa kwenye debe lenye kifuniko.

Napitisha tupa kwenye pembe. Inang'ata. Kazi inaweza kuanza.

Saa 1

Kwa wauza vyuma chakavu, kuchagua cha kesho. Natafuta jani la springi ya lori, Fuso au lolote la ukubwa huo. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, na hiyo ndiyo inayokifanya kikubali kuwa kigumu. Nondo, bomba na engo za mageti hazina kaboni ya kutosha. Utazipasha moto na kuzichovya kwenye mafuta hata mara mia zitabaki laini. Mabaki ya mitambo ya zamani ya mkonge nayo yanapatikana sana huku kwetu, lakini mengi ni chuma cha kumimina, ambacho nyundo inakipasua, au chuma laini cha kawaida.

Kipimo changu ni cheche. Nagusisha grenda kidogo tu: chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni kinatoa cheche fupi zinazopasuka nchani matawi matawi. Ukishaizoea tofauti hii huisahau.

Kisha nyufa. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi huwa na nyufa ambazo jicho halizioni, na ufa mdogo leo ndio kibao kilichogawanyika vipande viwili ndani ya mafuta kesho. Nasugua kutu yote, napaka mafuta ya taa, nasubiri kidogo, nafuta mpaka pakauke, halafu napaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Jani likichora mstari nalirudisha kwenye lundo. Hata likiwa safi, sikati karibu na tundu la senta bolti, ile ya katikati inayofunga majani pamoja.

Reli sigusi. Chuma chake ni kizuri, kinakubali ugumu, lakini njia ya reli ya Tanga imekuwa hapa tangu ujenzi wake ulipoanza mwaka 1893, na kipande cha reli kinacholetwa kwa mkokoteni mara nyingi hakina maelezo ya kueleweka. Anayekinunua anajitafutia kesi.

Saa 2 hadi saa 4

Jiliwa, tupa, jasho. Nyuso mbili ziwe sambamba. Vernia, kipimio cha unene, isionyeshe tofauti ya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kati ya pembe na pembe. Kujua palipoinuka, nachora uso mzima kwa maka peni, nausugua juu ya msasa namba 80 uliolazwa kwenye kioo kinene. Wino unafutika palipo juu, unabaki palipo bondeni. Kingo zote nazivunja milimita moja kwa mshazari, na mikwaruzo mirefu ya tupa naifuta kwa msasa namba 120. Si urembo huo. Ufa wakati wa kuchovya unapenda kuanzia kwenye pembe kali au mkwaruzo wenye kina.

Saa 4 na nusu

Mwenye kibao amefika. Ni sonara, mtu mzima, namwamkia, anakaa kwenye benchi. Anakishika kibao, anakigeuza.

"Fundi, mbona kimeshakwisha hiki? Kiko bapa, kinang'aa. Nipe niende nacho."

"Mzee wangu, bado ni laini. Ukikigonga sasa hivi kitabonyea."

"Na bei ile? Si springi tu hii, umeinunua kwa kilo?"

Namwambia bei ni ile ile. Chuma ndiyo kweli kimenunuliwa kwa kilo. Ananyamaza, lakini haondoki, na kuanzia hapo siku inakuwa ndefu.

Kabla ya kukitia ugumu, nakipasha kupita pale sumaku inapoacha kukikamata, nakitoa, naacha kipoe hewani mpaka kiwe cheusi. Hivyo mara tatu, kila mara joto likipungua kidogo. Chembe za ndani ya chuma, zilizokuzwa na moto wa jana, zinarudi kuwa ndogo, na mikazo ya nyundo inatulia. Fundi anayeruka hatua hii atakutana nayo kwenye mafuta, kibao kikitoka kimepinda.

Sumaku ndiyo kipimajoto changu. Chuma kikifika kama digrii 770 sumaku haikikamati tena. Kwa kuchovya napanda juu kidogo ya hapo, kama 830, rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, na nakishikilia dakika kama tano ili joto lifike moyoni. Rangi hiyo huioni juani, kwa hiyo tanuri liko kwenye kona yenye giza, mlango wazi kwa sababu ya moshi wa mkaa. Mkaa nauchanganya na mkaa wa vifuu vya nazi, ambao moto wake ni mkali na unashika.

Katikati ya kupasha umeme ukakatika. Feni ya kupulizia ikasimama. Hapo ndipo mtu anapoharibu kazi kwa haraka, akikitoa kibao kikiwa chekundu upande mmoja na giza upande mwingine; ugumu utaingia nusu na kibao kitapinda. Tukafunga mvukuto wa mkono, kijana akapuliza, mimi nikawa nakigeuza kila baada ya sekunde chache mpaka rangi ikalingana pembe zote nne.

Mafuta ni ya alizeti, lita 10 ndani ya debe, nje ya mlango, kifuniko pembeni kwa ajili ya moto. Oili chafu situmii. Moshi wake una sumu. Maji ndiyo kabisa, springi hupasuka humo. Mafuta nayapasha kwanza hadi digrii 50 au 60 kwa kutumbukiza chuma cha moto, kwa kuwa mafuta baridi ni mazito na yanapoza kwa uvivu. Kibao kinaingia wima, ukingo kwanza, kwa mkupuo mmoja, kisha nakipeleka mbele na nyuma kufuata ukingo wake. Ukikiyumbisha kwa ubavu, uso mmoja unapoa kabla ya mwenzake, na hapo ndipo kinapojikunja.

Kikitoka kina magamba meusi. Tupa ikipita juu yake inaweza kung'ata, na wengi huona hapo kazi imeshindikana. Ngozi ile ya nje imepoteza kaboni motoni, ni laini. Ondoa kidogo, pitisha tupa tena: inateleza.

Sonara akaiona tupa ikiteleza, akasimama.

"Haya, kimekuwa kigumu. Nipe sasa."

"Mzee, kikianguka sakafuni sasa hivi kinapasuka. Ukikipiga nyundo, kipande kinaruka usoni kwako."

"Mbona kigumu?"

Kigumu kupita kiasi ndilo tatizo lenyewe. Chuma kilichotoka kwenye mafuta kimejaa mikazo, na kikikaa hivyo hivyo kinaweza kupasuka chenyewe usiku bila kuguswa. Kikipoa kiasi cha kushikika kwa mkono lazima kirudi kwenye moto mdogo hapo hapo: digrii 200, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili nyingine. Ugumu unapungua kidogo na uimara unarudi. Nikamweleza yote. Akauliza kama nusu saa haitoshi. Haitoshi.

Kwa kawaida natumia oveni ndogo ya umeme. Umeme ulikuwa haujarudi, kwa hiyo ikawa sufuria ya mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa, kipimajoto cha oveni kimefukiwa ubavuni mwa kibao, na mtu mmoja asiyeondoka. Mchanga unasambaza joto ila haujirekebishi. Kaa moja likiongezeka, joto linapanda. Nasugua pembe moja ya kibao ing'ae niisome rangi yake. Ikiwa njano ya ukindu mkavu, tuko sawa. Ikigeuka kahawia tumeshakaribia 250, zambarau zaidi ya hapo, na ikifika buluu kibao kimelegea, mtu arudi kwenye kuchovya upya. Saa nne za kukodolea macho pembe ya chuma, jua la Tanga nje, jiko ndani. Adhuhuri na alasiri tumeswali kwa zamu. Sonara alikwenda, akarudi, akaniuliza kama kimeiva.

Jioni, umeme umerudi, mikono imechoka, na kazi iliyobaki ndiyo inayoonekana na mteja. Kibao kimejikunja kiasi cha unene wa karatasi mbili, ni kawaida. Grenda siigusi hapa: ikikichoma hata mahali padogo pakawa buluu, pale pamelainika. Ni kioo, msasa, maji na tone la sabuni. Namba 120, 240, 400, 600, 1000. Kila namba nageuza mwelekeo, na siendi mbele mpaka mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha yote. Wino wa maka unanionyesha bonde la katikati likipungua, pole pole mno. Mikwaruzo ya 120 ukiiacha hata miwili, utaiona kwenye 1000, na utarudi nyuma.

Baada ya isha nimedondosha gololi ya beringi juu yake kutoka shibiri moja. Imeruka vizuri na kwa kiwango kile kile, katikati na pembe zote. Mahali pangekuwa laini ingelala.

Nimekipaka mafuta mepesi, nikakifunga kwenye kitambaa, kwa sababu chuma kitupu hapa kinaota kutu usiku mmoja. Kwa mwenyewe nimeandika kwenye karatasi: kisigongwe kwa patasi, nyundo isipige uso mtupu bila fedha katikati, kifutwe mafuta kila jioni. Anakuja kukichukua kesho saa 2, kwa bei ile ile niliyomtajia.