IST ilinifia Kitonga: nilivyoirudisha barabarani kwa mshahara wa ualimu

Shemeji yangu alisema gari langu, Toyota IST, niliuze skrepa. Fundi wa kwanza akasema tuchonge silinda. Mwalimu mwenzangu, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, akasema ninunue gari jingine, kwa hela sijui ya nani. Leo IST yangu inatembea, inapanda milima, haili oili, na wote watatu wameshaomba lifti. Kwa hiyo na mimi nina haki ya kusema.

Kwanza chanzo, maana kinaniudhi mpaka kesho. Gari nililinunua mkononi, Toyota IST ya 1300, injini 2NZ, na fundi wa mwenye gari wa mwanzo alikuwa ameshang'oa themostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea injini. "Hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto," ndiyo kauli yao, utaisikia kuanzia Msamvu hadi Mbeya. Kwenye injini hizi za NZ themostati imekaa upande ambao maji yanaingilia kwenye injini, na kazi yake si moja. Inapofunguka kupitisha maji ya rejeta, papo hapo inaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani kwa ndani. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na maji mengine yanazunguka weee bila kuiona rejeta. Ukiwa Morogoro mjini unakwenda sokoni, hutajua. Ukiwa mlima Kitonga, watu watano ndani, buti limejaa sare za harusi, mbele yako malori ya Tunduma yanajikongoja, utajua. Taa nyekundu iliwaka kwenye kona ambayo huwezi hata kusimama. Nilipopata pa kuegesha, nguvu ilishakata na ndani kulishaanza kugonga. Harusini tulifika na basi.

Gari likarudi Morogoro juu ya lori, na fundi akafungua. Hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepinda, gasketi inayoziba chini yake imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, bearing za konrodi, zile mikono inayoshika pistoni, zimekwaruzika. Akasema tunachonga silinda, tunaweka pistoni kubwa, tunajenga injini upya. Nikamfuata mzee mmoja wa karakana ya mashine kumwomba kazi hiyo. Mzee akapitisha ukucha kwenye ukingo wa silivu, akanitazama juu ya miwani: "Mwalimu, hapa hakuna nyama ya kuchonga." Bloku ya hizi injini ni ya aluminiamu, silivu za chuma zilizomo ndani ni nyembamba, na Toyota hawakuzikusudia zichongwe. Fundi wangu akanuna. Basi tukakubaliana hedi isagwe, klanki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) isagwe kidogo, ziwekwe bearing nene za kufidia.

Bearing zilitoka Kariakoo kwenye boksi zuri, lenye jina kubwa la Kijapani. Nilipozishika hazikuwa na mhuri wowote mgongoni, wala namba, wala saizi. Nikauliza. Fundi akasema zote zinatoka kiwanda kimoja, tofauti ni boksi tu. (Mtu akikwambia hivyo kuhusu spea yoyote, funga pochi.) Zikaingia, hedi ikafungwa, injini ikawaka, soda zikanywewa. Wiki za mwanzo nilikuwa nalitembeza gari taratibu sana, na redio nimezima ili nisikilize. Halafu asubuhi moja, nimesimama kwenye taa, nikaisikia: ko, ko, ko, laini, kutoka chini.

Fundi akasema niweke oili nzito. Injini iliyotengenezewa 5W-30 tukaimiminia 20W-50, na kelele ikapungua kweli. Ikarudi. Akasema tuongeze dawa ya kopo. Ikapungua, ikarudi na nduguze. Hapo nikaacha kumsikiliza. Nikamwaga oili kwenye beseni la bluu la nyumbani (mke wangu analikumbuka beseni hilo kuliko injini), nikaliweka juani. Oili ilikuwa inameremeta kama rangi ya kucha. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakoroga. Sumaku ikatoka tupu. Maana yake ule mng'aro si chuma. Ni uso laini wa bearing zenyewe, usioshikwa na sumaku, unasagika na kuingia kwenye oili, na kila mzunguko zinapita tena kwenye pampu. Injini imenoki, hakuna kopo la kuitibu. Laki saba ikawa imekwenda, nane ukihesabu soda.

Sasa, injini ya mtumba kutoka Japani ndiyo njia ya mnyonge, ila watu wanainunua vibaya. Wanakwenda Ilala, Dar, wanaona injini imeoshwa kwa mafuta ya taa na kupuliziwa rangi ya fedha, dalali anaizungusha kwa spana mara moja, "unaona bosi, laini," basi hela imetoka. Kuzunguka hata injini mbovu inazunguka.

Mimi nilipanda treni ya SGR, elfu kumi na tatu kutoka Morogoro, na kwenye begi nilikuwa na silaha moja: kamera ndogo yenye waya mrefu, zile zinazochomekwa kwenye simu, ina vitaa kichwani. Kariakoo zipo tele, mafundi wa mabomba ndio wanazitumia. Nililipa elfu thelathini na kitu, na hakuna hela niliyowahi kuitumia vizuri zaidi, ukiacha mahari.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na 2NZ safi machoni. Nikaomba nifungue plagi. Akasema fungua tu kaka, hii ni Japani tupu. Nikaingiza kamera tundu la kwanza: juu ya pistoni masizi meusi, kawaida. Tundu la pili, kawaida. La tatu nikageuza kichwa cha kamera kiangalie ukuta, na pale kwenye skrini ya simu kukawa na michirizi miwili ya kusimama, kutoka juu mpaka chini, mtu angeweza kuipapasa kwa kidole. Nikamgeuzia simu. Akaangalia, akasogea karibu, akaangalia tena. Kisha akasema, "Hiyo kamera yako ina uchafu kwenye kioo." Nikaifuta kwa shati langu mbele yake. Michirizi ipo. Vijana wa jirani walishakusanyika, wanataka nao waone tundu la nne. Bei ikashuka laki mbili papo hapo bila mimi kufungua mdomo. Nikamuaga kwa heshima.

Unachotafuta mle ndani ni mistari myembamba sana iliyopishana, ile iliyopigwa kiwandani ili ukuta wa silinda ushike oili. Ikionekana bado, injini haijachoka. Ukuta ukiwa umelainika na kung'aa, au una mistari ya kusimama, achana nayo hata wakikupa na chai.

Niliyoichukua ilikuwa imekuja na gea boksi yake, na hapo ndipo penye ujanja ambao watu wengi hawaujui. Stata inakaa kwenye kifuniko cha gea boksi. Injini tupu huwezi kuipigia stata chini, lakini ikiwa na gea boksi unaipima hapohapo juu ya matairi mabovu: betri ya kuazima, waya hasi kwenye gea boksi, chanya kwenye stata, na kipande cha waya kugusia kile kiterminali kidogo. Plagi zote nje, kipepeo cha hewa umekifungua wote, geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo wa silinda, kwenye tundu moja baada ya jingine. Mwenye duka alilalamika kwamba akiniruhusu mimi kila mtu atataka, nikampa elfu kumi ya usumbufu akanyamaza. Silinda zote nne zilicheza jirani ya psi 180. Namba yenyewe hainisumbui sana, geji hizi kila moja ina maneno yake. Ninachoangalia ni zote nne ziwe familia moja.

Alinishawishi nichukue 1NZ, ile ya 1500, maana kwa nje ni mapacha na maunti (vishikizo vya injini) zinakubali. Nikakataa. Kontrol boksi yangu, yaani kompyuta ya injini, ni ya 2NZ, na sikuwa na hela ya kumlisha fundi umeme. Tukamalizana kwa milioni moja na nusu pungufu kidogo, risiti ikiwa na namba ya injini. Hiyo risiti usiitupe: kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani, na utaihitaji kwenye ukaguzi wa polisi na TRA wakati wa kubadilisha.

Usafiri ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Soko la Ilala lipo palepale, na fuso zinazoleta nyanya kutoka Ilula zinarudi tupu kupitia Morogoro. Injini ikalala juu ya matenga, dereva akachukua hela ya chakula cha jioni.

Kufunga sitaki kueleza sana, fundi yeyote anajua kushusha na kupandisha. Tulitumia winchi ya mnyororo kwenye mwembe wa gereji, fundi mwingine safari hii, kijana mpole anayepiga picha kila soketi kabla ya kuichomoa. Ila kabla injini haijaingia badilisha sili ya nyuma ya klanki, maana ikishakuwa ndani ni kazi ya kushusha tena, na wotapampu pia, maana injini ikiwa nje ni rahisi zaidi. Themostati mpya, ya nyuzi 82, niliiweka kwa mkono wangu na nikasimama pale mpaka kifuniko kilipofungwa. Na kabla ya kuwasha, toa plagi, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi. Injini iliyokaa kwenye kontena miezi haina tone la oili huko juu.

Gea boksi yangu ya zamani, alteneta na stata nikaziuza, bloku ikaenda kwa wanaonunua aluminiamu kwa kilo. Karibu laki tatu ikarudi mfukoni. Shemeji bado anadai skrepa ingelipa.

Kamera ninaazimisha, wa Morogoro mnajua pa kunipata. Ila mje mmenawa mikono, na ile kulabu ndogo ya kunasia vitu irudi nayo, maana aliyeazima mwisho kaipoteza ndani ya injini ya mtu na anasema haikuwepo.