Mazabodi na joto la Oktoba Tabora

Ikifika Oktoba, mvua ikiwa bado haijanyesha, chumba cha bati kisicho na silingi hapa Tabora kinaweza kufika nyuzi 34 au zaidi saa nane mchana. Kompyuta iliyokuwa nzima Juni inaanza kukwama, na kinachofanyika haraka ni kubadilisha grisi ya prosesa. Mara nyingi ugonjwa hauko hapo.

Joto la mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, ni joto la hewa inayoingia kwenye kasha, jumlisha joto ambalo mashine yenyewe inazalisha. Chumba kikipanda nyuzi 10, kila kitu ndani ya kasha kinapanda karibu nyuzi 10 zilezile, hata grisi iwe ya bei gani. Ndiyo maana namba ya kwenye skrini peke yake haitoshi. Weka kipimajoto mbele ya kasha, pale hewa inapoingia, si ukutani. Fungua HWiNFO, programu inayosoma sensa za joto, iache mashine itulie dakika 15, andika namba. Ipe kazi nzito nusu saa, andika tena, kisha kwenye kila namba punguza joto la chumba.

Sensa iliyoandikwa Motherboard au System ikizidi chumba kwa nyuzi 10 hadi 15, hewa inapita vizuri. Ikizidi kwa 25, hewa ya moto imekwama ndani. Chipuseti, chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine, hadi 70 isikuhangaishe. Ukiona sensa inasema 127 na haisogei hata mashine ikiwa imetoka kuwashwa, hiyo haijaunganishwa na kitu chochote, ipuuze.

Sehemu inayoumia kweli ni VRM, ile saketi inayopunguza volti 12 za pawa saplai kuwa volti moja na ushee ya prosesa. Imezunguka soketi, upande wa nyuma na juu. Chini ya nyuzi 90 ikiwa kazini ni salama. Ikivuka 100 tafuta dawa. Ikifika 110 zima. Mazabodi nyingi za bei nafuu hazina sensa hapo, kwa hiyo tumia bunduki ya kupimia joto ya viwandani. Ile ya kupima homa kwenye paji la uso haifai, kipimo chake kinaishia karibu na nyuzi 43. Hitisinki (chuma cha kupozea) inayong'aa huidanganya bunduki na kuisomesha joto la chini, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri dakika chache, pima juu ya tepu.

Dalili ya VRM ni hii: prosesa iko nyuzi 60 tu, lakini kasi inaporomoka hadi karibu megahezi 800 na kipanya kinaburuzika. Prosesa haijachemka; VRM ndiyo imeomba ipunguziwe mzigo. Hali hii huja sana baada ya mtu kung'oa feni ya kiwandani na kuweka hitisinki ndefu ya mnara au mfumo wa maji. Feni ya kiwandani inapuliza kuelekea chini, na upepo wake unatawanyika juu ya VRM. Mnara unapuliza kwa ubavu, na mfumo wa maji haupulizi hapo kabisa. Prosesa inashuka, mwenye mashine anafurahi, VRM inaungua taratibu. Kwa mashine ya ofisi au ya steshenari sioni sababu ya mfumo wa maji. Kama umeshaweka, funga feni ya milimita 80 kwa vibano vya plastiki ielekee VRM.

Kapasita za mviringo, zile zenye kimiminika ndani, nyingi hukadiriwa kudumu saa 2,000 kwa nyuzi 105, na kila ukishusha nyuzi 10 umri unaongezeka maradufu. Kwa nyuzi 85 ni saa 8,000, yaani miaka miwili na kidogo kwa mashine inayowaka saa 10 kila siku. Kwa nyuzi 65 ni saa 32,000, karibu miaka tisa. Nyuzi 20 hizo ndizo tofauti ya kununua mazabodi nyingine na kutonunua. Kapasita iliyovimba kichwani haiponi kwa kupulizwa. Ibadilishwe na yenye volti ileile au zaidi, na uwezo uleule.

Kuna na suala la mwinuko, ambalo watu hulisahau. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni ileile, mzunguko uleule, inabeba joto pungufu. Kwa hiyo mpangilio wa kimya wa feni kwenye BIOS, ile mipangilio ya mazabodi yenyewe, haufai hapa. Weka kasi ya feni asilimia 50 kwa nyuzi 40, asilimia 70 kwa nyuzi 60, asilimia 100 kwa nyuzi 75. Feni ya nyuma ya kasha ifuate sensa ya mazabodi, isifuate prosesa. Feni yenye pini tatu ikichomekwa kwenye soketi ya pini nne, chagua DC, yaani kasi iongozwe na volti. Ukiiacha PWM, njia ya feni za pini nne, itazunguka kwa nguvu zote muda wote.

Feni mbili za milimita 120 zinatosha kasha la kawaida: moja mbele chini inaingiza, moja nyuma juu inatoa. Hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia injini ya feni. Kufungua ubavu wa kasha ndiyo dawa ya mtaani, lakini kwa deskitopu zilizotumika kutoka Ulaya zenye bomba la plastiki juu ya prosesa, ukifungua umekata njia ya upepo, na mchanga wa kiangazi unapata mlango. Mijusi pia hupenda hapo.

Vumbi lenyewe, hasa la steshenari ambako unga wa karatasi unachanganyika na mchanga, hujikunja kati ya feni na hitisinki likawa kama blanketi. Kulipuliza kutoka juu ni kulishindilia, kwa hiyo ng'oa feni kwanza. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, toa mashine nje, tumia brashi laini ya rangi na blowa. Shika mapanga ya feni kwa kidole, yasizungushwe na upepo kupita kasi yake yakaharibu beringi. Kompresa ya mafundi tairi usiiguse: hutema maji na mafuta. Kigoma, karibu na ziwa, safisha kabla ya mvua, kwa kuwa vumbi lenye unyevu linaweza kupitisha umeme na kutia kutu.

Ukirudisha feni ya Intel yenye miguu minne ya kubonyeza, geuza mazabodi utazame nyuma. Kila mguu mweupe uwe umepanuka na pini nyeusi katikati yake. Mguu mmoja ukiwa umebana, kona moja inaelea, na grisi nzuri kiasi gani haitaziba pengo hilo. Grisi yenyewe ni tone la ukubwa wa punje ya njegere, baada ya kufuta ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya bluu huacha utando. Kwa AMD za soketi AM4, washa mashine dakika 10 kwanza grisi ilainike, izime, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki kidogo kabla ya kuinua, vinginevyo prosesa itang'oka na pini zake.

Kama yote haya yamefanyika na saa nane mchana bado VRM iko juu ya 100, punguza mzigo. Core i5-12400 ina wati 65 za msingi, lakini inaruhusiwa kuvuta hadi 117. Kwenye mazabodi ya H610 isiyo na hitisinki ya VRM, ingia BIOS uifungie 65. BIOS ikikataa, nenda mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99. Mwendo wa ziada unazimika, na kwa kazi za kuchapa na kutoa kopi hakuna mteja atakayeona tofauti. Novemba mvua zikikolea, rudisha 100.