Bonge lililo kilindini na bomba la kulifikia

Usiku ule baba mdogo alipopata kiharusi, daktari wa zamu alituonyesha picha ya CT ya kichwa chake: doa jeupe la damu iliyovuja, lenye ukubwa wa ndimu, lililokaa ndani kabisa, mbali na fuvu. Mama mdogo akauliza jambo ambalo sote tulikuwa nalo moyoni, kwamba ikiwa damu inaonekana, mbona haitolewi? Daktari akamjibu kwa upole, "Mama, damu yenyewe si shida kubwa kuitoa. Shida ni njia ya kuifikia." Mama mdogo hakuridhika, nami sikuridhika. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa baiolojia, nilijipa kazi ya kuisoma hiyo njia.

Ubongo ulio hai ni laini, unakaribia maziwa ya mgando, na kila sehemu yake ina nyuzi zinazopeleka na kuleta habari. Kwa miaka mingi, daktari aliyetaka kufika kilindini alikata tabaka la juu, kisha akaingiza vyuma bapa vya kuzishikilia kuta za mkato zisizibe. Vyuma hivyo hugandamiza kwa ukingo wake, na pale vinapobana zaidi, damu hupungua katika tishu iliyo chini yake. Upasuaji ukichukua saa kadhaa, sehemu iliyokuwa nzima huweza kufa kwa sababu tu ilikuwa njiani. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2005, lenye wagonjwa zaidi ya 1,000 waliovuja damu kichwani, halikuonyesha kwamba kuwapasua mapema kuliwasaidia kuliko kuwatibu kwa dawa na uangalizi kwanza. Naona ndipo lilipotoka jibu la daktari wetu.

Wazo la kutumia bomba si geni. Katika miaka ya 1980, Patrick Kelly, akiwa Mayo Clinic nchini Marekani, alikuwa akiuondoa uvimbe wa kilindini kupitia bomba la chuma lililoelekezwa kwa vipimo vya picha, huku akitumia mwale wa leza. Mabomba ya siku hizi ni ya plastiki angavu, na mojawapo linalojulikana sana, BrainPath, lina upana wa milimita 13.5. Ndani yake hukaa kijiti chenye ncha iliyochongoka kwa ulaini, isiyokata. Daktari hufungua tundu dogo kwenye fuvu, huchagua bonde mojawapo kati ya mikunjo ya ubongo, kisha hulisukuma bomba taratibu kupitia bonde hilo, akiongozwa na kompyuta inayomwonyesha ncha ilipo ndani ya picha za mgonjwa. Kwa kuwa picha maalumu za MRI huweza kuchora mwelekeo wa nyuzi, bomba hupitishwa sambamba nazo ili zisogee kando badala ya kukatika. Kijiti kikitolewa, hubaki njia ya mviringo ambayo kuta zake zinabebwa sawasawa pande zote, na daktari hufanya kazi humo akitazama kwa hadubini au kamera.

Jambo hili la mgandamizo kugawanyika ndilo lililonivutia kuliko udogo wa tundu. Watu husifu kovu dogo, lakini kovu liko kwenye ngozi.

Bomba nalo lina taabu zake. Mikono miwili na vifaa virefu hubanana katika nafasi isiyofika sentimita mbili. Mshipa ukipasuka chini, kuuziba ni kazi ngumu. Na maji ya ubongo yakipungua, ubongo husogea kidogo, hivyo picha zilizopigwa asubuhi huanza kusema uongo. Hata hivyo, njia hii hutumika kwa uvimbe wa aina mbalimbali, hata vifuko vya ute vinavyoota katika chumba cha tatu cha maji ya ubongo.

Kuhusu damu, ushahidi ulikuja mwaka 2024, jaribio la ENRICH lilipochapishwa. Wagonjwa 300 katika hospitali 37 za Marekani, wenye mabonge ya damu ya mililita 30 hadi 80, waligawanywa kwa bahati nasibu, na waliopangiwa upasuaji walifanyiwa kwa bomba ndani ya saa 24. Katika siku 30 za mwanzo walifariki asilimia 9.3 ya kundi hilo, dhidi ya asilimia 18 ya waliopata matibabu ya kawaida peke yake, na baada ya miezi sita hali ya waliopasuliwa ilikuwa bora kwa jumla. Lakini nafuu hiyo ilitokana na wenye damu karibu na uso wa ubongo. Kwa wenye damu katika viini vya kilindini, yaani mafungu ya seli za neva yaliyo ndani kabisa ya ubongo, matokeo ya awali hayakuridhisha, na baada ya wagonjwa 175 kusajiliwa, jaribio likaacha kuwapokea. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kilindi kikathibitika kwanza juu! Mimi nadhani ni kwa sababu nyuzi za mwendo zimesongamana kando ya viini hivyo, na damu huwa imekwisha kuzichana kabla ya bomba lolote kufika.

Bonge la baba mdogo lilikuwa huko huko. Anatembea kwa mkongojo sasa, na mkono wa kulia bado mzito. Nilipomweleza mama mdogo haya yote, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo yule daktari alitwambia kweli?" Nikamjibu kwamba kwa mahali pale, ndiyo.