Mgonjwa wa kiharusi hadeki jamani

Nimesikia tena juzi kwa jirani na imeniuma sana. Mtu katoka hospitali, mdomo umeanza kunyooka, mguu anaburuta ila anakanyaga, halafu ghafla hataki mazoezi, hataki kula, kutwa kageukia ukutani, na ndugu wanasema huyo anadeka tu, kazoea kuhudumiwa. Hadeki! Ana ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na inawapata karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi.

Najua mtasema hayo ni mawazo tu, nani asingewaza. Ni kweli, baba mkubwa wangu ni fundi cherehani na mkono uliolegea ndo wa kulia, leo anaogeshwa na mwanae aliyemlea mwenyewe, lazima awaze. Lakini kiharusi kimepiga ubongo, na ubongo huohuo ndo unaoendesha hamu ya kula, usingizi, furaha, kwahiyo hata mtu wa ibada, ana watoto wanaompenda na bili zote zimelipwa, bado anaweza kuzama. Ukimwambia jikaze unamwongezea mzigo.

Halafu kuna wasiwasi, huu hausemwi kabisa. Baba mkubwa alikuwa anaogopa kulala, anahisi kitamrudia usiku, kichwa kikigonga kidogo tu anataka apimwe presha, na msikitini akaacha kwenda asije akaanguka mbele za watu. Wengine wanalia au wanacheka bila sababu, hata msibani, watu wanakimbilia kusema majini, kumbe nayo ni kiharusi, ubongo umeshindwa kuzuia kilio au kicheko, na muda huo moyoni anaweza asiwe na huzuni wala furaha yoyote.

Wanaonitia huruma zaidi ni waliopoteza maneno. Hao hakuna anayewauliza unajisikiaje maana jibu halitoki. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, aitikie kwa kichwa au akubane mkono, mpe muda, na angalia anavyolala na anavyokula.

Tiba ipo, na haimaanishi mtu ni chizi. Kuna ushauri nasaha, kuna dawa kama fluoxetine, ila zinachukua wiki kadhaa mpaka zishike kwahiyo msiache siku ya tatu mkasema hazifanyi kazi. Na tafadhali msijinunulie duka la dawa, maana zikikutana na dawa za kuzuia damu kuganda zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, lazima daktari ajue anatumia nini.

Akisema bora nife, usimjibu usikufuru. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki zetu foleni ndefu, wanapima presha, wanaandika dawa, basi. Kwahiyo ingia naye ndani, na kabla faili halijafungwa sema wewe: dokta, halali usiku, hali chakula, mazoezi kagoma, naomba mumwangalie na hilo.