Kimekwenda Wapi?

Jana mjukuu wangu, kajilaza kifudifudi mkekani na kitabu chake cha sayari, aliniuliza: "Babu, ushawahi kuona roketi kwa macho yako?"

Naam. Ngomeni, pwani ya Kenya karibu na Malindi, Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Wavuvi walikuwa wameambiwa wasisogelee majukwaa ya Wataliano ya kurushia roketi, kule baharini. Tulingoja asubuhi nzima hadi watu wakachoka wakarudi majumbani kula. Baba akabaki ufuoni akishona wavu, nami pembeni yake.

Saa nane kasoro, moto ukawaka upeoni. Jua la kaskazi lilikuwa kali, lakini moto ule ulinifumbisha macho. Juu yake kikainuka kijiti cheupe. Kimya kabisa. Mawimbi yalikuja na kurudi vile vile, kunguru waligombania matumbo ya samaki, na kijiti kikipaa bila sauti kana kwamba kinavutwa kwa uzi. Sindano ya baba ilisimama katikati ya tundu la wavu. Ndipo mlio ukatufikia juu ya maji, ukanitetemesha kifua, kuku wakakimbilia chini ya dau. Nilipotazama tena, palibaki moshi mwembamba tu, unapindwapindwa na upepo.

"Kimekwenda wapi?" baba akaniuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma shule. Sikuwa na jibu.

Nililipata ukubwani. Ile ilikuwa roketi ya Marekani, Scout, na ilibeba setilaiti ya NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei inayotoka angani. Hewa yetu huizuia miale hiyo, kwa hiyo lazima uifuate juu. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya siku ile yetu. Kwa zaidi ya miaka 2 ilizunguka ikitafuta miale hiyo, hadi orodha yake ikafikia vyanzo 339 vya miale. Kimoja, Cygnus X-1, ndicho kilichowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi, yale ambayo mvutano wake hauachi hata mwanga utoke, yapo kweli.

Neno letu lilikuwa juu kule, na ufuoni petu hakuna aliyejua.

"Sasa iko wapi?" mjukuu akauliza.

Nikamwambia ilirudi mwaka 1979, ikaungulia hewani. Mwaka ule baba alikuwa hai, akiingia baharini kila alfajiri. Swali lake alikuwa hajaliuliza tena, nami nilikuwa bado sijalijibu.