Kazi ya farasi, bila kupanda farasi

Kila nikisema nataka kazi ya farasi, swali la kwanza ni: "Kwa hiyo unapanda?" Sipandi. Nilianguka mara moja, mgongo ukanikataza. Mapenzi yakabaki.

Wiki nzima nimehangaika na fomu ya chuo. Udaktari wa mifugo ulinivutia, ila ni miaka 5 au zaidi, na humo utasoma ng'ombe, mbwa na kuku pia. Sayansi ya farasi pekee? Nzuri, lakini nikikosa ajira hapo, nitaenda wapi? Nikamuuliza fundi wa kwato (yeye hakupita chuo kikuu, na hana siku ya kupumzika!). Akacheka: "Mbona maswali yako yote ni ya chakula?"

Kweli. Kinachonikosesha usingizi ni tumbo la farasi. Mnyama wa kilo 500, hawezi kutapika, anahitaji kutafuna majani sehemu kubwa ya siku, na ukimpa nafaka nyingi kwa mpigo anaweza kupata msokoto wa tumbo hadi akafa. Lazima kuwe na mtu anayempangia mlo.

Nimejaza sayansi ya wanyama, nikilenga lishe. Fomu imekwenda jana. Mama bado anauliza nitapanda lini.